Mwenye Ndugu Ndiye Anayeanza

Kamati ya kilima ilikuwa na sheria nyingi, na nyingi kati ya hizo hazikufuatwa na mtu. Ilikatazwa kuosha mchanga wa dhahabu kwenye kijito cha wakulima, na watu waliosha. Ilikatazwa kushuka shimoni umelewa, na kuna wachimbaji ambao hawakuwahi kuliona shimo lao wakiwa na akili timamu. Lakini sheria mbili zilishikwa kweli kweli. Ya kwanza ilikuwa ya kugonga mwamba. Ya pili ilisema kwamba kesi ikija, mjumbe mwenye ndugu katika kesi hiyo ndiye anayeanza kusema, mbele ya wote, kabla mtu mwingine hajafungua kinywa.

Hii ya pili aliitunga Fundi Cherehani, mwenyekiti. Alichaguliwa uenyekiti kwa sababu hakuwa na shimo, hakuuza maji wala chakula pale mgodini. Kazi yake ilikuwa kuwashonea watu wote suruali, na kwenye kuchelewesha nguo hakumbagua mtu. Zamani mjumbe mwenye ndugu alikuwa anatolewa nje kesi ikisikilizwa.

"Tukiwatoa nje," alisema Fundi, "wanakwenda kuongea na kila mtu huko nje. Sisi tuliobaki ndani tunakuwa wa mwisho kujua tumeamua nini."

Basi ikakubaliwa hivyo: mwenye ndugu aanze, aseme anachokijua, kisha anyamaze wengine waamue. Na kwa kuwa hakuna anayemchongea ndugu yake kwa kujifurahisha tu, neno lake likimwangukia nduguye halidaiwi shahidi.

Mama Kokoto aliinyooshea mkono sheria hiyo bila kufikiri mara mbili. Yeye aliwawakilisha wanawake wanaoponda mawe, wale wanaokaa kitako tangu asubuhi wakiyavunja kwa nyundo yale yanayotoka mashimoni ili yakasagwe. Kwenye kamati walikuwamo wenye mashimo, wachimbaji wao, wauza maji, mama wa chakula na wakulima wa bondeni, yaani kila aliyekula kwa kilima kile au aliyesumbuliwa nacho. Siku ya kupitisha sheria Mama Kokoto hakuwa na ndugu mgodini. Mdogo wake wa pekee alikuwa bado anauza betri za redio barabarani.

Mdogo wake huyo walimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wa mama yao. Betri zilimchosha, akaingia ubia na wenzake, akapata shimo. Alikuwa mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kukasirika, na wachimbaji wake walimpenda kwa sababu alishuka nao na kutoka jasho nao. Msimu mzima walitoa mawe matupu, na hakuna aliyemkimbia.

Sasa, kugonga mwamba ni hivi. Juu ya kilima kila shimo lina uzio wake wa mabati, lakini chini kule kila mtu anaufuata mshipa wa dhahabu unakompeleka, na mshipa hauna habari na uzio wa mtu. Inafika siku unasikia nyundo za wenzako upande wa pili. Unaacha kazi, unachukua jiwe, unagonga mara tatu, unasubiri. Wenzako wakisikia wanajibu mara tatu. Mkishajibizana, wote mnaweka chini nyundo na tindo, mnapanda juu, mnaiita kamati, nayo inashuka kupima na kugawa. Anayesikia akanyamaza anapoteza mshipa wote kuanzia hapo, na shimo lake linafungwa msimu mzima. Ukali huo haukuja bure. Asiyejibu huhesabiwa kuwa hayupo, na mahali pasipo na mtu hulipuliwa kwa baruti.

Baba yake Mama Kokoto alikufa hivyo, enzi ambazo kila shimo lilijitawala na kamati haikuwapo. Wa upande wa pili waliwasha baruti wakidhani mbele yao ni mwamba mtupu. Siku ya mazishi Mama Kokoto alikuwa msichana wa kutumwa dukani, na Kitinda alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kanga, kwa sababu mama yao hakuweza hata kusimama. Mama naye hakukaa sana, akamfuata baba. Kwa hiyo aliyemfundisha Kitinda kutambaa na kutembea, akamchapa na kumbembeleza, ni dada yake huyu. Kwa kweli alimwita mdogo wangu kwa desturi tu. Moyoni alikuwa mwanawe wa kwanza.

Kesi yenyewe ilianza Jumanne. Mchimbaji wa shimo la Mwalimu, lililopakana na la Kitinda, alikuwa akipiga tindo yake mwambani, mara ikapenya, ikamponyoka mkononi na kutumbukia. Akachungulia tunduni kuitafuta. Upande wa pili akaona tochi, na chini ya tochi uso wa mtu unamtazama. Wote wawili walipiga yowe lililosikika mpaka juu. Mshtuko ulipokwisha wakaanza kutukanana kupitia tundu lile lile, na haukupita muda watu wa Mwalimu na watu wa Kitinda walikuwa juu wanashikana mashati. Wauza maji ndio waliowaachanisha. Waliwamwagia ndoo baada ya ndoo, bila kubagua, mpaka hasira zikalowa.

Mwalimu huyo alikuwa mwalimu kweli, mstaafu, aliyetia kiinua mgongo chake chote ndani ya shimo na bado alisema na watu wazima kama wamechelewa kipindi. Alidai watu wake waligonga siku mbili na hawakujibiwa. Kitinda alidai hakusikia hata kishindo kimoja, na kwamba Mwalimu ni mwongo mwenye miwani.

Ugomvi wenyewe ungekuwa mdogo lau si Afisa wa Madini. Alikuwa ameshawaonya mapema, kwa ule upole wake unaotisha: vurugu moja tena, kilima kinazungushiwa waya na kukabidhiwa mwekezaji mwenye mitambo, na wengine wote warudi walikotoka. Wengi pale hawakuwa na walikotoka. Kesi ikapangwa Jumamosi, na Afisa akasema atakuja kusikiliza.

Alhamisi kamati ilishuka kukagua. Upande wa Kitinda walishuka Fundi Cherehani na Mama Kokoto, kamba viunoni, tochi vichwani. Mwalimu alishuka kwenye shimo lake ili wakutane naye tunduni. Fundi alikuwa amevaa utepe wake wa kupimia nguo shingoni, kwa mazoea, na mchimbaji aliyekuwa akiwateremsha alimwuliza kama anakwenda kuupima mwamba kiuno.

"Nitaanza na chako," alisema Fundi, "ukikaza hiyo kamba namna hiyo."

Chini njia ilikuwa pana kwa mwanzo, kisha ikaanza kubana. Hatua za mwisho zilikuwa za kutambaa, na tumbo la Fundi likakataa. Alijaribu kwa ubavu, akajaribu kinyumenyume, akakata tamaa.

"Nenda wewe, Mama Kokoto. Utanisimulia."

Mama Kokoto akatambaa peke yake. Mshipa aliuona mara moja, umekatiza mwamba kwa ulalo, upana wa kiganja cha mtu mzima. Alikuwa ameponda mawe miaka yote na hakuwahi kuona mawe yaliyobeba dhahabu hivyo. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, maana ule ulikuwa upande wa mdogo wake. Akainua tochi aone tundu liko wapi, mwanga ukapita kwenye ufa kando ya viroba vya kifusi, na humo akaziona tindo.

Zilikuwa zimesukumizwa ndani kwa haraka. Vichwa vyake, pale nyundo inapopigia, vilikuwa vimefungwa mpira wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, vimekazwa kwa waya. Aliichomoa moja. Hakuhitaji kuelezwa. Tindo ikifungwa mpira inapigwa na hailii, inatoa kishindo kizito kinachofia palepale. Mtu haifungi tindo mpira kwa uzuri. Anaifunga akishasikia kuna watu upande wa pili, na hataki wao wamsikie.

Na ule mpira ulikuwa na kiraka chekundu. Kilimani pote fundi wa baiskeli mwenye kuweka viraka vyekundu alikuwa mmoja, naye ni mume wake.

"Kuna mtu hapo?" sauti ya Mwalimu ikaingia tunduni.

Mama Kokoto akairudisha tindo ufani kama aliyeungua. "Nipo mimi, Mwalimu."

"Umulike huku kwangu. Unaona hayo matundu membamba yaliyopangwa mstari? Ni ya baruti. Tulishayatoboa. Tuligonga Jumapili, tukagonga Jumatatu, kimya. Nikasema basi, hakuna mtu, Jumatano asubuhi tulipue. Kijana wangu alikuwa anasawazisha tu ukuta ndipo tindo ikapenya." Safari hii hakuongea kama mwalimu. "Mama, ningewaua watu. Mimi, na uzee huu."

Mama Kokoto alikaa palepale chini. Alimwona Kitinda akiwa amelala kifudifudi mbele ya mshipa ule, tindo yake ya mpira mkononi, Jumatano asubuhi. Alimkasirikia mpaka akatamani kumchapa kama zamani.

Aliporudi, Fundi alimmulika usoni. "Umeona nini?"

"Mshipa upo. Mkubwa."

"Na kingine?"

"Giza."

Fundi hakuuliza tena. Alikuwa amepima watu wengi maishani, na alijua mtu anapovuta tumbo ndani. "Haya," alisema. "Jumamosi tutasikia."

Nyumbani mume wake alikuwa barazani, amezamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni la maji akitafuta unapotoa povu. Mama Kokoto alikaa kwenye ngazi, akamwuliza kama kuna mtu amechukua mipira mikuukuu karibuni.

"Shemeji tu. Jumapili jioni. Alisema anafungia viroba."

Akamweleza. Mume wake alisikiliza, mikono majini, povu likitoka pembeni mwa mpira bila yeye kuliona.

"Kumbe mpira wangu," alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe nimemchagulia mzuri."

"Nifanye nini, baba watoto?"

"Ukisema, utakosana na ndugu yako. Usiposema, utakosa usingizi, na unayelala naye ni mimi. Kwa upande wangu naomba useme." Alijaribu kucheka, ikamshinda. "Lakini si mimi niliyembeba mgongoni. Siwezi kukuamulia."

Kitinda alikuja Ijumaa mchana. Alisalimu, akaitikiwa, akakaa pale anapokaa siku zote, kwenye kigoda karibu na mlango. Shemeji yake akakumbuka ghafla kwamba kuna baiskeli inatakiwa kujaribiwa, akaipanda na kutokomea.

"Umeziona," alisema Kitinda.

"Nimeziona. Na viraka vya shemeji yako nimeviona. Ulisikia wakigonga?"

"Nilisikia."

"Siku zote mbili?"

"Dada, hilo si muhimu."

"Kitinda."

"Siku zote mbili." Akainama, akaanza kukwangua udongo kwenye kucha. "Umeuona mshipa wenyewe lakini. Maisha yangu yote sijawahi kuugusa mshipa wa namna ile. Wale wachimbaji wangu wamekaa nami msimu mzima wanatoa mawe ya kujengea vyoo. Nilitaka siku chache tu, tuukate tuupite, halafu ningejibu. Naapa ningejibu."

"Na baruti?"

"Wanalipua jioni kila siku. Jioni mimi natoa watu wote."

"Jumatano walipanga asubuhi."

Mkono wa Kitinda ukasimama. "Nani kasema?"

"Mwalimu mwenyewe. Matundu ya baruti nimeyaona kwa macho yangu, yamepangwa mstari." Alitaka kusema kwa utulivu, sauti ikamgeuka. "Baba naye alikuwa anazijua saa zao, Kitinda! Alikuwa anazijua kuliko wewe!"

Nje kuku walikuwa wakiparua, na kwa jirani redio ilikuwa ikitangaza bei ya mbolea kwa furaha isiyo na sababu. Kitinda alikuwa amepauka midomo. Kwa muda kidogo alikuwa tena yule mtoto aliyevunja kikombe, akasimama kando ya vipande akisubiri kupigwa. Kisha akajikusanya.

"Basi yamepita," alisema. "Hakuna aliyekufa. Tindo nimeshazitoa, mpira nimeshauchoma. Uliyeona ni wewe peke yako. Sema hukuona kitu. Kamati itagawa mshipa nusu kwa nusu, mimi nitakuwa na changu, Mwalimu atakuwa na chake, na sitarudia mpaka naingia kaburini."

"Wewe hutarudia, nakuamini. Na wengine? Watu si wajinga. Watu wa Mwalimu wamegonga siku mbili, wanajua wamegonga. Wakiona umenyamaza ukapewa nusu, wiki ijayo shemeji yako hatabakiwa na mpira hata mmoja pale barazani. Kilima chote kitafunga tindo."

"Kwa hiyo utanisema."

"Sijasema nitasema nini."

"Nikilipoteza shimo lile nitafanya nini, dada? Nirudi kwenye betri?"

"Betri hazikuwahi kumuua mtu."

Kitinda akainuka. Alikuwa na macho mekundu. "Haya. Ukisimama kesho ukanisema mbele za watu, ujue umenizika. Baba alizikwa akiwa amekufa. Mimi utanizika mzima." Akatoka, na njiani akamkosakosa shemeji yake aliyekuwa amemaliza kuzunguka na baiskeli mara ya tatu.

Maneno yale yalimchoma Mama Kokoto. Jioni ile alipika, akaunguza. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Hakuna alichokuwa nacho duniani cha kulinganisha na mtoto yule, na alijua hivyo. Na alijua vilevile kwamba kama tindo ile isingemponyoka mtu mkononi, Jumatano angekuwa anapokea vipande vyake kwenye turubai.

Kesi ilisikilizwa kwenye ghala la wauza maji, maana ndilo lililokuwa na nafasi na kivuli. Madumu yalisukumwa ukutani, mabenchi yakapangwa. Afisa wa Madini alipewa kiti chenye mgongo. Watu wa Mwalimu walikaa kushoto, watu wa Kitinda kulia, na katikati wajumbe. Wanawake wa mawe walijaa mlangoni na vumbi lao, kwa sababu mawe waliyokuwa wakiponda msimu ule mengi yalitoka kwa Kitinda, na kila mmoja alikuwa amemwambia Mama Kokoto wakati anaingia, "Ututetee."

Fundi Cherehani alieleza kesi kwa ufupi. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Katika wajumbe kuna mwenye ndugu. Aanze."

Mama Kokoto akasimama. Alikuwa amejiandalia maneno tangu alfajiri, na yote yakamtoroka. Alimtazama Kitinda. Kitinda alikuwa amekunja mikono kifuani, anamtazama bila kupepesa.

"Alhamisi niliulizwa nimeona nini nikasema giza," alianza. "Nilidanganya. Niliona tindo zimefungwa mpira wa baiskeli, kwenye ufa, upande wa mdogo wangu. Mpira ni wa nyumbani kwangu, una kiraka cha mume wangu. Walisikia wakigongewa na hawakujibu." Akaugeukia upande wa Mwalimu. "Na Mwalimu alikuwa alipue Jumatano asubuhi. Kwa hiyo leo tungekuwa tumekaa matangani. Baba yangu mnajua alivyokufa. Huyu nilimbeba siku ile. Sikutaka nimbebe tena namna hiyo. Ndiyo hayo."

Akakaa. Ghala zima likalipuka kwa kelele. Mlangoni mwanamke mmoja wa mawe alisema kwa sauti, "Tumekutuma ukatutetee, umekwenda kutumwagia unga," na hakuna aliyemnyamazisha. Mchimbaji mmoja wa Kitinda alisimama akitaka shahidi. Afisa naye akauliza kama kweli neno la mtu mmoja linatosha.

"Angekuwa Mwalimu ndiye kasema, ningemdai mashahidi mpaka achoke," Fundi alijibu. "Aliyesema ni dada yake wa kumlea. Kitinda, una neno?"

Wote wakamgeukia. Alimwangalia dada yake, akaangalia sakafu.

"Sina," alisema.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kawaida ya kamati, yaani mabishano. Mshipa kuanzia pale tunduni ukawa wa Mwalimu, na shimo la Kitinda likafungwa msimu mzima. Hilo halikuwa na mjadala. Mwalimu akaomba na mawe ambayo Kitinda alikwisha kuyapandisha juu. Mama wa chakula akamwuliza kama hajashiba. Mkulima mmoja wa bondeni, ambaye kwa kawaida hakusema ila kuhusu tope, alisimama akasema wachimbaji walifunga tindo kwa kuamriwa, na wana watoto. Mawe yaliyokwisha kutoka yapondwe na wanawake hawa hawa, kitakachopatikana wagawiwe wachimbaji. Yakapigiwa kura, yakapita. Mwalimu mwenyewe alinyoosha mkono, ingawa shingo upande. Afisa alikuwa amesahau upole wake. Alikuwa akiangalia huku na huku kama mtu aliyekuja kuzima moto akakuta watu wanapika.

Balaa lilikuwa nje. Watu walipotoka, vijana wa Mwalimu walishindwa kujizuia. Mmoja akapiga kelele, "Mpira!" Wenzake wakaitikia, "Mpira! Mpira!" wakirukaruka kama wako uwanjani. Mwingine akamvuta Kitinda pua, mtu mzima, mbele ya wachimbaji wake. Wachimbaji wale walikuwa wamepoteza shimo saa ile ile na hawakuwa na kingine cha kupoteza. Waliinama kwa pamoja. Walipoinuka kila mmoja alikuwa na jiwe, na kilimani pale mawe hayakuwahi kuwa haba.

Afisa alisimama kando ya gari lake, simu mkononi. Mama Kokoto alimwona akianza kubonyeza. Alitaka kukimbia akasimame katikati, lakini umati ulimziba njia. Wauza maji walikuwa wametoka bila ndoo. Alichokiona ni kwamba amemtoa mdogo wake sadaka, na kilima kinachukuliwa vilevile.

"Wekeni chini," alisema Kitinda.

Hawakumsikia, au walijifanya hivyo. Mmoja alikuwa ameshavuta mkono nyuma. Kitinda akamfuata, akaushika ule mkono kifundoni, akasema tena, safari hii kwa sauti iliyopasuka.

"Wekeni chini! Nani kanisema? Mwalimu kanisema? Hawa wapiga kelele wamenisema? Kanisema dada yangu! Na alichosema ni kweli, mnajua ni kweli, sote tulikuwa pale! Mnataka kumpiga nani sasa?"

Jiwe la kwanza likaanguka, kisha mengine, moja moja, kwa uvivu, kama watu wanaotua mizigo. Wale vijana wa Mwalimu nao walinyamaza, maana mzaha ulikuwa umekosa wa kuuchekea, na Mwalimu mwenyewe alikuwa ametoka akawaamuru wapange mstari, na wakaupanga. Afisa akairudisha simu mfukoni.

"Twendeni tukatoe vifaa vyetu," Kitinda aliwaambia watu wake. Walipanda njia ya shimoni, yeye nyuma yao. Ilimbidi ampite dada yake kwa karibu sana. Mama Kokoto akanyoosha mkono, akaugusa mkono wa shati lake, lenye vumbi, lililofunguka mshono begani.

"Mdogo wangu."

Kitinda akasimama, lakini hakugeuka. Akasema jambo kwa sauti ya chini, akautoa mkono wake taratibu, akaendelea kupanda.

Mama Kokoto alibaki pale pale mpaka Fundi Cherehani akamfikia. Wanawake wa mawe walikuwa wakiwapita, baadhi wakimtazama vibaya, mmoja akimpigapiga begani.

"Kasemaje?" aliuliza Fundi.

"Kasema nisimsemeshe leo."

Fundi akalifikiria hilo. "Na kesho?"

"Kesho hakuitaja," alisema Mama Kokoto, na ndipo machozi yakamtoka.